Kiganja cha Baraka

Jumanne, Garissa

Kumbe haikuwa kwaheri.

Wiki nzima mwanangu Baraka anakunjua kiganja na kukizungusha haraka, nami nampungia mkono nikicheka. Mtoto wa mwaka na nusu, hajatamka neno, lakini kuaga anajua! Nimejisifu hata mbele ya walimu wenzangu.

Leo nimemkuta Mama Hodan, jirani anayebaki na Baraka nikiwa shuleni, akimlisha mkate wa anjera. Baraka akazungusha kiganja, na papo hapo Mama Hodan akaondoa sahani. Nikauliza mbona anamnyima mtoto chakula.

"Abaayo, dada yangu, yeye nakataa," akasema. "Mkono hii ni hataki, ni hakuna. Sisi Wasomali wote nafanya hivi."

Ni kweli. Hata mama wa maziwa ya ngamia hunifanyia hivyo maziwa yakiisha, nami hudhani ananiaga.

Sasa sijui. Nimfundishe kutikisa kichwa kama kwetu Machakos? Au mimi ndiye nijifunze? Na mtoto mdogo hivi, anamaanisha kweli au anaiga tu?

Maana kila jioni, mlangoni kwa Mama Hodan, mimi humnyooshea Baraka mikono na kumuuliza, "Twende nyumbani?" Naye huzungusha kiganja.

Nami humpungia, nikambeba tukaenda.