Miche Aliyoiacha Mama

Mjukuu wangu Anjela,

Jembe la mama likigonga jiwe. Sauti hiyo haijanitoka. Shikamoo yako nimeipokea. Nakuzidi miaka michache tu, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako. Huku Mgeta tu wazima, mvua haikatiki.

Umeuliza kama bado ninaamini baada ya kumzika mama. Kaka alipofariki, mama alikwenda kulima kabla ya kuanua matanga. Nikamfokea, "Mama, msibani hatushiki jembe!"

"Miche hii kaiotesha mwanangu," alisema akilia. "Niiache ife kitaluni? Chukua jembe, msomi."

Sikuchukua.

Imani na tumaini vimenipungukia, mjukuu wangu. Nimebakiwa na upendo, nao unauma. Mama naye aliacha miche ya kabichi. Jana, matanga hayajaanuliwa, niliipanda yote.