Mabenchi Niliyoazima Baada ya Matanga Yako

Mama Rispa,

Leo ni Jumapili ya nne tangu tukupeleke nyumbani kukuzika. Nimekaa hapa kanisani nakuandikia, maana sina mwingine wa kumwambia haya. Neema amelala kwenye benchi. Anakuita "Ipa", kisha anatazama mlango. Mimi nageuza uso.

Mama, nimeharibu.

Ungeyaona matanga yako! Kila jioni watu walijaa mpaka wengine wakasimama nje, kule kwa mafundi wa jua kali. Wote wale waliotuhama mmoja mmoja, wakaenda makanisa yenye vipaza sauti au wakakaa tu nyumbani. Hata Florence, mmoja wao, alikuja, tumbo la mimba hili hapa. Waliimba mpaka mabati yakatetemeka. Nami nikadhani Mungu amejibu. Miaka yote uliyolilia kanisa hili, tukiwa watu tisa! Nikachukua daftari, nikapita nikiandika majina yao, nikiwaambia, "Karibuni tena." Katikati ya kilio, Mama.

Jumapili iliyofuata niliazima mabenchi kumi ya shule ya nasari. Nikapiga ngoma yako kutoka sokoni mpaka mlangoni, Neema mgongoni. Mafundi wakanicheka, "Niaje, mathe, leo mnagawa nini?" Hata wale tisa wetu hawakutimia. Tulikuwa watatu: mimi, Neema, na Mzee Zakayo ambaye hasikii. Nilisoma Zaburi kwa kuungaunga, unajua shule yangu iliishia darasa la sita. Halafu nikayarudisha yale mabenchi, moja moja, watu wakiona.

Nikamfuata Florence. Alikuwa anachagua mchele, hata hakuinua macho. "Mama Neema, sisi tulikuja kumlilia mama yetu. Nani alikwambia tumekuja kwako?"

Neno hilo ni kweli. Wewe hukuwahi kuandika jina la mtu. Wazee wa kanisa waliponitenga kwa kupata mimba bila ndoa, nikawekwa nyuma peke yangu, nisiguse meza ya Bwana, wewe uliacha kiti chako cha mbele ukaja kukaa nami. Miezi saba. Hukuniambia nitubu. Ulisema, "Sogea, mwanangu, tuimbe." Hiyo ndiyo njia niliyoingilia kazi hii ya kuliinua kanisa, na nikaisahau mara tu nilipoona watu wengi.

Wazee wa makao makuu walikuja juzi. Walisema kanisa halifunguliwi kwa ajili ya panya. Pasaka ikipita hali ikiwa hivi, wanalifunga. Kusema ukweli, Mama, naona litafungwa. Nikiomba, maneno yanaanguka hapa hapa sakafuni. Uliniachia ufunguo mbele ya watu wote, ukasema, "Huyu atabaki." Laiti ungempa mwingine.

Jana nilisikia Florence amejifungua. Mumewe yuko kiwandani kutwa, hana wa kumfulia. Kesho naenda. Sitabeba Biblia, wala sitamwuliza habari za Jumapili. Nitabeba karai na sabuni. Akinifukuza, nitarudi Jumanne.

Pumzika, mama yangu. Ya kanisa siwezi kukuahidi. Nakuahidi nepi za huyo mtoto tu, kwamba zitakuwa safi, na zitakauka kabla jua halijazama.

Mwanao,
Mama Neema