Nyamizi Ameitikia Marahaba

Shikamoo, mama. Wajina wako amepona!

Siku mbili tangu tufike hospitali hapa Tabora alikuwa kimya, homa imempanda, dawa anatema. Nilibembeleza mpaka akina mama wa vitanda vya jirani wakanionea huruma mimi. Ndipo akaja Nesi Kalunde, binti wa Urambo, akauliza mtoto karithi jina la nani. Nikasema la bibi yake. Basi akapiga magoti sakafuni na sare yake nyeupe.

"Shikamoo, bibi Nyamizi. Mimi mjukuu wako nimekuletea dawa. Utanirudisha nayo?"

Mtoto akafumbua jicho moja. "Marahaba," akasema polepole, kama wewe ukipata mgeni usiyemwamini. Akanywa yote. Mimi nikalia, nikasingizia mafua.

Ile asali ya Ipole uliyonifungia nimempa nesi. Ningekuwa na mzinga, ningempa na nyuki wake.

Sasa wodi nzima inamwamkia Nyamizi, na mimi nisipotoa shikamoo hanywi uji. Jumamosi tunarudi. Jiandae, mama: mtakuwa wawili nyumbani, na mdogo ndiye mkali.

Mwana wenu nyote wawili,
Masanja