Dohani Niliyoijenga kwa Kukumbuka

Kijijini, Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia na baridi ya Lukozi imekupumzisha hata siku mbili. Mgongo wa Mama je? Mimi ni mzima, ila jua la huku limenifanya mweusi kama sufuria ya msibani.

Baba, nimejiaibisha, na afadhali uyasikie kwangu. Kijiji chetu cha ujamaa kilinipa kazi ya kujenga ofisi ya matofali ya kuchoma. Nikajitapa kwamba nitawajengea kama nyumba ile ya Mzungu wa shamba la kahawa, uliyempikia miaka yote. Nikaijenga kwa kukumbuka: kuta nene, madirisha ya matao, paa lenye mteremko mkali wa kumwaga mvua. Wenyeji huku wanaishi kwenye matembe yenye paa bapa. Wakaniuliza, "Fundi, mvua yenyewe ya kumwaga iko wapi?" Nikajifanya sikusikia. Nikapandisha na dohani ya kutolea moshi, maana bila dohani niliona nyumba iko uchi.

Jumamosi kamati ikaja kukagua. Wakiikataa, mimi narudi kwenye jembe. Mwenyekiti akazunguka nje akisifu matao, kisha akaingia ndani akapapasa ukuta wote.

"Fundi, moshi unaingilia wapi?"

"Sijui, Mwenyekiti."

"Hujui? Si wewe uliyejenga?"

Nikasema kweli: sisi watoto tuliitazama nyumba ile kutoka nje ya ua, ndani sikukanyaga hata siku moja, mahali pa kuwashia moto sikupajua. Kamati ilicheka mpaka katibu akakalia ndoo ya chokaa mbichi. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Ameniacha kazini kwa sharti moja, nimlete mtu anayeijua nyumba ile kwa ndani.

Mtu huyo ni wewe, Baba. Wewe ndiye uliyewasha moto wake kila jioni ya baridi, na nyumbani hukutusimulia kitu. Mwezi wa saba huku nako kuna baridi, moto utapata kazi.

Nisalimie shangazi anayeuza kabichi Mlola. Mjomba mwinjilisti naye msalimie, ila mwombe asinifanye mfano wa mahubiri.

Nimemweleza Mwenyekiti kwamba kwa Mzungu uliingilia mlango wa jikoni miaka yote ile. Akasema ofisi hii ya kwetu haitafunguliwa mpaka ufike, na mlango wa mbele utaufungua wewe.

Mwanao,
Elia