Bwana Matope Alipohama Garaji

Kadutu, Bukavu, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, 1956. Ni mwaka wa tatu tangu nilipotoka nyumbani.

Kwa Papa mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na wote wa uani. Najua barua hii utasomewa na katekista, basi namsalimu na yeye, na ninamwomba asome polepole na asiruke kitu, hata pale atakapoona haya. Mguu wako unaendeleaje? Mtu mmoja aliyepita hapa na lori la mchele aliniambia unatembea na fimbo mbili, mwenzake akasema moja. Mama bado anakohoa wakati wa mvua? Na paa la nyumba ya Wabiwa mke wangu, mlilifunika kabla mvua haijaanza, au bado anajibana na watoto kwenye kona ile kavu?

Mimi mwili ni mzima. Mgongo unauma, kwa sababu kuosha motokari ni kazi ya kuinama, na maji ya hapa ni ya baridi kama ya mtoni alfajiri. Chumbani tunalala watatu. Hayo yote nimekwisha kuyazoea, wala sikuketi kuandika kwa ajili yake.

Naandika kwa sababu malori yanakimbia kuliko barua. Najua mmekwisha kusikia huko kwamba Lukambo, mwana wa mpiga ngoma, alipiga uongo kwa ngoma, na mzungu akaanguka korongoni. Papa, sikupiga uongo. Nitakueleza kama ilivyokuwa, halafu utaamua mwenyewe.

Unakumbuka kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kwenye bariere, kile kizuizi cha magari, kwenye barabara ya kushuka kwenda Uvira. Barabara ile ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, motokari mbili haziwezi kupishana. Basi kuna bariere chini na bariere juu, na kila moja ina mtu na ngoma ya mti kama ile yako. Wa juu anamwambia wa chini: magari yanashuka, funga. Wa chini anajibu: nimesikia. Juu nilikuwa mimi, chini alikuwa Kisali, yule wa kwetu mwenye pengo la meno. Tulikuwa tunaongea kwa maneno uliyonifundisha wewe, ya kwetu, kwa hiyo hakuna mtu wa barabara ile aliyetuelewa.

Hapo ndipo Bwana Matope aliponiona. Jina lake la kizungu sitaliandika. Sisi tunamwita Matope kwa sababu kila mashindano ya motokari anarudi amejaa matope mpaka kwenye nyusi, na kila mara anarudi wa kwanza. Wazungu wa hapa wanashindana kupanda mlima ule. Siku hiyo bariere zinafungwa, na wanaondoka chini mmoja mmoja. Aliyeshinda mwaka uliopita ndiye anayeondoka wa mwisho. Sasa mlima ule una tabia yake: chini jua linawaka na juu mvua inanyesha. Mwenye kufunga minyororo kwenye magurudumu na barabara ni kavu, atachelewa. Asiyeifunga na barabara imelowa, atateleza. Matope akasema, kumbe huyu mtu wa ngoma anaweza kuniambia hali ya juu kabla sijaondoka. Akamwomba tajiri wa garaji yake, mzungu tunayemwita Miwani, aniandike kazi. Nikawa muosha motokari siku zote, na siku ya mashindano napelekwa juu na ngoma.

Alitaka kujifunza maneno mwenyewe. Alikuwa anakaa nami nyuma ya garaji, juu ya tairi kuukuu, anapiga kwa spana kwenye rimu ya gurudumu. Siku moja akapiga, akaniuliza:

“Nimesema nini?”

“Bwana, umesema bibi yako anapika mvua.”

Wafanyakazi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Yeye akacheka pia, akasema, “Ni kweli, hajui kupika,” akaanza upya. Mwishoni aliyajua maneno manne: barabara kavu, mvua juu, gari limekwama, usije. Manne tu, lakini aliyajua vizuri. Miwani hakujua hata moja.

Mwaka huu Matope amezeeka. Nywele zake nyeupe, na akishuka motokarini anashika mlango kwanza. Miwani akanunua motokari mpya kutoka Ulaya, sisi sote tukajua ni ya Matope. Kumbe Miwani akampa mtoto wa dada yake, kijana aliyefika juzi, asiyejua hata choo cha garaji kiko wapi. Matope akaambiwa aendelee na ile ya zamani. Hakupiga kelele. Alizunguka ile mpya mara moja, akagusa taa zake, akaondoka. Kabla wiki haijaisha tukasikia amehamia garaji nyingine, ile ya upande wa Muhumba. Huko wamempa gari jipya na mafundi wake. Wazungu walisema mengi kwenye baa zao, kwamba mtu hawezi kuondoka mahali alipopata vikombe vyote vile. Hata sisi waosha motokari tuligawanyika. Mmoja wetu alisema, “Muzee huyu anatafuta nini tena? Akae tu kwa shamba yake ya kahawa.”

Alikuja kuchukua koti lake, akanikuta kwenye maji.

“Lukambo, mimi iko muzee. Nabakia na mashindano mbili, pengine tatu. Sitaki kumalizia nyuma ya mutoto.”

Nikamwambia, “Bwana, unichukue na mimi.”

“Nimekuomba kwa Miwani. Miwani anakataa. Iko na mukataba yako.”

Ni kweli. Niliweka sahihi kwenye mkataba wa miaka mitatu, na ukiuacha kabla haujaisha, polisi wanakurudisha, na si kwa maneno mazuri. Matope akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akaenda zake. Yeye alipochoka na tajiri wake alibadili tajiri. Sikumwonea wivu, ila nililitazama jambo hilo.

Siku moja kabla ya mashindano Miwani akaniita ofisini. Kapita wetu, msimamizi wa wafanyakazi, alikuwepo, akitafsiri.

“Ngoma yako ni ya garaji,” akasema. “Kesho kijana wetu atafunga minyororo, iwe jua, iwe mvua. Matope atasikiliza ngoma, kama kawaida yake. Mvua ikinyesha juu, wewe piga kavu.”

Nikamwambia kapita, kwa Kiswahili, polepole, “Umuelezee ya kama mutu anaweza kufa.”

Kapita hakutafsiri hilo. Aliniambia, “Mwambie ndiyo, wewe. Una batoto.”

Nikasema ndiyo. Papa, usikasirike bado. Nilisema ndiyo kwa mdomo, nikijua Miwani hasikii ngoma. Nilijiambia, nitapiga kweli, Matope atasikia kweli, Miwani hatajua, na mambo yatapita. Usiku ule nililala vizuri, nilidhani nimepata njia.

Kesho yake mvua ilinyesha juu kabla wa kwanza hajaondoka. Chini walikuwa juani, walikuwa wanakunywa bia. Nilipanda kwenye kona ya juu, nikaiweka ngoma chini ya kipande cha bati, nikapiga: mvua juu, barabara inateleza. Kisali akajibu kutoka chini, nimesikia. Nikarudia. Magari yakapita, yule kijana akapita na minyororo yake inalia, akinirushia matope. Kabla ya Matope kuondoka nikapiga tena, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Mvua juu. Mvua juu. Mikono yangu haikukosea, Papa. Ungekuwepo ungesema umenifundisha vema.

Yaliyotokea chini nimeelezwa na Kisali. Mafundi wapya walikuwa wameshika minyororo, wanangoja neno. Matope akasimama, kichwa kimeinama upande, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

“Ondoeni. Barabara kavu.”

Kisali alikuwa karibu, akashindwa kunyamaza. “Bwana, inasema mvua.”

“Najua ile inasema. Lakini ngoma iko ya Miwani sasa. Inataka nifunge minyororo juu ya kavu, nichelewe.”

“Lukambo hasemi uongo na ngoma, Bwana. Hata siku moja.”

“Lukambo iko mutu ya kazi,” akasema Matope. “Anapiga ile banamuambia.”

Akapanda.

Mimi nilisikia motokari inakuja na nikajua, kwa sauti tu, kwamba hakuna minyororo. Sikuwa na neno la ngoma la kumwambia mtu aliyekwisha kuingia kwenye kona. Nilisimama barabarani nimeinua mikono miwili. Aliniona. Gari likageuka taratibu sana, kama ng’ombe anayekataa, likatoka nyuma kwanza, likashuka. Miti ililikamata chini kidogo. Tulishuka na watu wa barabara, tukamtoa. Nyonga imevunjika na mkono pia. Nilimshika kichwa tukimpandisha. Alinitazama muda wote, macho wazi. Nilifikiri ni maumivu.

Sasa yuko hospitali ya wazungu, na mimi siwezi kuingia huko. Kutoka huko habari ikatoka kwamba Matope amewaambia mafundi wake na wazungu wote: ngoma ilisema barabara kavu.

Siku ya kazi iliyofuata Miwani akanisimamisha mbele ya watu wote, akaniwekea mkono begani. Akasema ananifanya kapita wa waosha motokari. Watu wakanitazama. Ningesema nini? Nikisema nilipiga mvua, basi nilimkataa tajiri, nafukuzwa na mkataba haujaisha, na kitabu changu cha kazi kinaandikwa neno baya. Tena nitakuwa nimesema mzungu aliye kitandani ni mwongo. Unajua mwenyewe watu wanafanywa nini kwa neno kama hilo. Nikinyamaza, basi ndiye mimi niliyepiga uongo. Nikasema, “Asante, Bwana.”

Watu wa kwetu tunakutana Jumapili nyuma ya soko la Kadutu, tunakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, katika kibuyu kimoja. Jumapili iliyofuata kibuyu kilizunguka, kilipofika kwangu kikapelekwa kwa wa pili. Hakuna aliyenitukana. Kisali akasimama akasema alichokisikia. Mzee mmoja wa Kamituga akamjibu, “Kisali, wewe ni ndugu yake. Na mwenye kuanguka mwenyewe amesema.” Wengine hawakujua kama wacheke. Mmoja akaniita, “Kapita, kesho jua au mvua?” Nikaondoka.

Nilienda kwenye uzio wa hospitali, nikangoja mpishi wa Matope, mtu wa kabila la Bashi kutoka Kabare, mtu mwema, anayempelekea supu. Nikamwambia yote. Alikuwa amekwisha kuyajua.

“Nimemuambia mimi mwenyewe,” akasema. “Bwana, sema basi kweli, ule mutu anaharibika.”

“Akajibu nini?”

“Aliangalia ukuta. Akasema unisalimie Lukambo. Akasema, aliacha garaji ya ile miaka yote, batu banasema amezeeka akili. Sasa akisema ngoma ilimuambia mvua na yeye akakataa, watacheka mpaka atakufa. Akasema, waniachie hii moja.”

“Na mimi?”

Mpishi akainua kikapu chake. “Wewe hakukutaja tena, ndugu. Alianza kulia.”

Papa, nilirudi Kadutu kwa miguu nikitaka kumchukia, nikashindwa. Nilimshika kichwa. Nilimfundisha maneno manne, na alipoyasikia hakuamini, kwa sababu aliniona ni kitu cha tajiri kama pampu na ndoo. Labda hata mimi ningefikiri hivyo kama ningekuwa yeye. Sijui. Naosha motokari, naitwa kapita, na watu wangu hawanipi kibuyu.

Nasikia huko baraza limekuambia ngoma ya kijiji usiniachie mimi, umpe mdogo wangu Amisi. Ni haki yao kama wanaamini yale yanayosemwa juu yangu. Amisi ni mtoto mzuri, ingawa mkono wake wa kushoto unachelewa. Ninachoomba ni kimoja: usimpe kabla hujaniuliza mimi kwa mdomo, uso kwa uso. Kama umekwisha kumpa, sitabishana naye.

Msalimu Mama, usimwambie habari ya kibuyu, katekista apapite hapo akisoma mbele yake. Msalimu Wabiwa mke wangu, anajua nisivyoweza kuandika mbele ya watu. Salamu kwa watoto, kwa dada yangu mkubwa na mume wake mwindaji, kwa shangazi Bitondo, na kwa Amisi mdogo wangu, ambaye hana kosa.

Mimi mwanao,
Lukambo

Mkataba wangu unaisha mwezi wa saba, kiangazi. Nitashuka kwenye lori Mwenga na nitatembea mchana, nipite vijiji vyote nikionekana. Nitafika kwako kabla ya mashamba kuchomwa, hata kama hakuna atakayenipokea.