Nani Anafunua Ndoo

Jumatatu, 10 Machi
Samaki wa nne. Sifuri. Tilapia alikaa gizani tangu asubuhi, ndani ya ndoo, kitambaa cheusi juu yake. Nikatoa retina, utando wa ndani ya jicho, chini ya taa nyekundu hafifu, nikachoma chembe ya neva kwa sindano ya kioo, nikamulika. Mstari wa skrini haukutikisika. Gizani chembe hii hupiga kelele. Mwanga ukiifikia hunyamaza, na mstari hushuka. Wangu umelala tu. Ijumaa Profesa anakuja kuangalia. Mstari usiposhuka, tasnifu yangu imekwisha.

Jumanne, 11 Machi
Samaki wa tano. Sifuri. Kuna mtu anafunua ndoo. Retina iliyopigwa na jua kabla ya kazi haiwezi kuijibu taa yangu ndogo. Ufunguo tunao wawili: mimi, mhadhiri msaidizi, na Papa Jérôme, fundi wa maabara. Nikamwuliza.

"Sikugusa ile ndoo, Assistante."

Hakuinua hata macho kutoka kwenye sahani yake ya mboga ya pondu. Nimemchukia. Nachukia hata kikohozi chake.

Jumatano, 12 Machi
Nilikwenda kwa Profesa. Nilitaja jina. Sikusema "nadhani". Saa sita Papa Jérôme akanyang'anywa ufunguo, akaambiwa akae kwake mpaka aitwe. Alikunja koti lake la kazi vizuri, akaliacha kitini. Hilo nalo liliniudhi.

Alhamisi, 13 Machi
Ufunguo ninao peke yangu. Samaki wa sita kaletwa na baba yangu mwenyewe kutoka kwenye maporomoko anakovua, mzima. Saa tano za giza. Mlango umefungwa.

Sifuri.

Niliketi sakafuni. Hakuna aliyeingia. Basi nikarudia kila hatua polepole, bila samaki. Nabeba ndoo. Naiweka dirishani. Mkono wa kushoto unafunua kitambaa, wa kulia unamshika samaki asiyekuwapo na kumgeuza juani, nami naangalia jicho lake. Mama alinifundisha hivyo. Wanawake wote wa kwetu hufanya hivyo: hatumtii kisu samaki ambaye hatujamwangalia jicho. Nimefanya tangu nina miaka saba. Kwenye daftari la maabara sikuwahi kuiandika, kwa kuwa kwangu haikuwa hatua.

Mpumbavu ni mimi. Nimemfukuzisha mtu.

Ijumaa, 14 Machi
Samaki wa saba. Sikufunua. Dirishani mkono ulinyanyuka wenyewe. Nikaushika kwa mwingine. Taa ikawaka, mstari ukashuka. Taa ikazimika, ukapanda. Tukarudia mpaka Profesa akachoka kufurahi. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la Papa Jérôme.

"Bon. Matokeo iko mazuri. Ile ingine tuache kwanza."

Nilitaka kumpiga kwa ndoo. Nimeandika barua ya kukiri, jina langu chini, nakala kwa mkuu wa kitivo. Sasa wanaweza kuniondoa mimi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimekwenda mtaa wa Mangobo, nyumbani kwa Papa Jérôme. Alikuwa anapaka rangi mlango wake. Nikamweleza yote, na barua nikampa asome. Aliisoma mara mbili. Hakunipa kiti. Akauliza kama mstari ulishuka. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupaka. Nilisimama pale mpaka mlango ukaisha, kisha nikarudi kwa miguu.