Dawa ya Kufungua Vijilango

Nairobi,
4 Machi 1991

Dada Syokau,

Salamu kutoka kwa ndugu yako anayekula mkate na siagi siku hizi. Mimi mzima kabisa. Natumaini huko Mutomo wewe na mbuzi wako mnaendelea, ukiacha hicho kivimbe cha titi ulichoniandikia.

Dada, bahati imenipenda. Pale maabara ya chuo profesa amenipa hadubini yangu mwenyewe, na watu wananiita Daktari Muthama. Ndiyo, mimi wa darasa la sita. Sikiza basi. Seli za mwili zimepakana kama maboma, na katikati kuna vijilango vya kupitishiana habari. Sasa humo ndani ya seli kuna fundi anaitwa kinase. Akibandika fosfati, kijichembe cha kemikali, kwenye kijilango, mara nyingi kinajifunga. (Wako wa ukoo wake wanaofungua, unajua ukoo ulivyo.) Tunatia rangi inayong'aa ndani ya seli moja. Vijilango vikiwa wazi, majirani wote wanang'aa. Kwenye vivimbe vingi rangi inakwama palepale: seli haisikii jirani akiiambia imetosha, acha kuzaana.

Mimi nimetengeneza dawa ya kumfunga mikono huyo kinase. Kwa hivyo kisu cha hospitali kisikutishe.

Ndugu yako mdogo,
Muthama

Mutomo,
21 Machi 1991

Ndugu yangu Muthama,

Hujambo? Sisi tuko, mvua bado. Barua yako imenichekesha hadi nikasahau maumivu. Nimewasomea kina mama wa kanisa mara mbili. Mmoja wao, Ndinda, ameuliza kama huyo kinase anaweza kuombewa.

Nilikuwa nikatwe Jumanne. Nikamwambia daktari asante, nangoja dawa ya ndugu yangu. Akauliza ni dawa gani. Nikamwambia yeye ni wa sindano, mambo ya seli awaachie wenyewe. Akasema tu nisikawie.

Kivimbe sasa ni kama ndimu. Unakuja lini?

Dada yako,
Syokau

Nairobi,
27 Machi 1991

Dada yangu,

Leo sikuulizi hali, nimeshaijua. Barua hii nimempa dereva wa basi ili usingoje posta. Ukimaliza kuisoma vaa viatu, urudi kwa yule daktari, umwombe msamaha kwa jina langu. Akikupa siku, hata ya kesho, kubali.

Mambo ya vijilango ni kweli, niliyasikia profesa akiwafundisha wanafunzi wake. Lakini dawa hana hata yeye, bado anatafuta. Daktari wa huko ana kisu, na kisu kiko leo.

Nimeomba ruhusa, nafika Jumamosi. Wakitaka damu watoe yangu. Kina mama wa kanisa nitasimama mbele yao mwenyewe, wanicheke washibe. Katika barua yako nilikuona unaogopa kisu, nikataka ucheke kidogo, mdomo ukanishinda.

Mimi si daktari, dada. Naosha chupa. Hadubini naigusa tu nikiipanguza vumbi.

Ndugu yako,
Muthama